Tumbo Likivimba na Chakula Kikikukataa



Leo sitasema juu ya chanjo wala uji wa watoto. Nitasema juu ya mwili wako wewe mama, sababu unampima mtoto kila mwezi na wewe mwenyewe unajisahau.

Mama mmoja wa hapa Mudzipela alifika kilinika ya wajawazito na tumbo kubwa. Majirani walikuwa wamekwisha kumpongeza. Ekografi haikuonyesha mtoto. Ilionyesha vivimbe viwili, kimoja kila upande, na maji mengi. Nikamwuliza, "Mama, chakula unakulaje?" Akajibu, "Vijiko vitatu tu, nimeshiba." Kumbe mwaka mzima chembe cha moyo kilikuwa kinamwuma, akawa ananunua vidonge ku duka la dawa. Hakutuambia, alidhani ni magonjwa mawili. Ulikuwa ugonjwa mmoja.

Kansere ya mfuko wa chakula inaweza kutupa mbegu zake mbali. Kwa mwanamke, mara nyingine zinashuka na kukaa ku ovari, ndivyo vifuko vya mayai ya uzazi, mara nyingi vyote viwili, hata kwa mama ambaye bado anaona siku zake. Munganga Mjerumani, Friedrich Krukenberg, aliandika juu ya vivimbe hivi mwaka 1896, akafikiri vimeanzia ku ovari zenyewe. Wengine baadaye ndio walioonyesha kwamba mzizi uko pengine. Kama munganga alidanganyika, sisi je?

Kwa hiyo sema yote: kushiba upesi, kukonda, kutapika, choo cheusi, tumbo kuvimba. Wakitaka kukupasua ovari, uliza kama mfuko wa chakula umetazamwa. Wanapitisha mpira mwembamba wenye taa kooni, wanakata kipande kidogo cha kupima. Hakufurahishi, lakini si kupasuliwa.

Ikiisha kufika ku ovari, sitawadanganya: mara nyingi haiponi kabisa. Lakini kusema hakuna dawa, huo nao ni uongo. Kuna dawa za kansere zinazopitishwa katika serumu. Zinachosha, zinaweza kutapisha na kutoa nywele, lakini zinaweza kupunguza ugonjwa na kuongeza miezi, kwa wengine zaidi. Kuondoa ovari kunasaidia wachache, kama ugonjwa haujaenea pengine na mwili una nguvu. Maji ya tumbo yanatolewa kwa sindano, na mama anapumua tena.

Kule Kampala, Uganda Cancer Institute inatibu kansere tangu 1967. Ni safari, upite Mahagi ao uvuke ziwa kutoka Kasenyi. Kabla ya kuuza ng'ombe, ukoo umwulize munganga: dawa hii itafanya nini kwa mama huyu? Atarudi mara ngapi? Nani atabaki na watoto?

Yule mama wajomba walikuwa wamekwisha kupata mnunuzi wa shamba. Aliuliza maswali hayo mwenyewe, akajibiwa kweli, akasema, "Shamba ni la watoto." Angekuja mapema ningemshauri ajaribu. Siku ile nguvu zilikuwa zimekwisha, nami nikanyamaza. Tulimtoa maji, tukamtunza nyumbani.

Watu wanaogopa morfini, wanasema inaua. Hapana. Ikipimwa vizuri, inatuliza maumivu bila kuharakisha kifo. Dokta Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na huko wagonjwa wanakunywa morfini ya maji kwao nyumbani. Inafunga choo, kwa hiyo uombe na dawa ya kulainisha.

Na wewe unayemeza vidonge vya tumbo kila juma: mara nyingi kuna kijidudu, Helicobacter pylori, kinacholeta vidonda na kwa watu wengine kansere. Kinapimwa, na kinaweza kuondolewa kwa antibiotiki ukizimaliza zote. Kilinika ijayo, mtoto akishuka ku mizani, usiondoke. Tuambie unakulaje.