Polisi Wetu na Jicho la Raia

Hotuba iliyosomwa kwenye sherehe ya Jamhuri, ufukwe wa Qantab, 12 Desemba 2023

Naishukuru kamati kwa kunipa dakika chache kabla ya pilau. Hapa Oman sisi ni wageni na tunafuata sheria za wenyeji wetu. Nitakayosema ni ya kwetu Kenya.

Leo tunatimiza miaka 60 ya uhuru. Nimeombwa nizungumzie uhuru, nami nitazungumzia polisi. Sababu yake ni mwanangu.

Mwaka jana alikwenda nyumbani likizo. Ana miaka 19, amekulia hapa Muscat. Usiku mmoja alitoka na binamu zake kununua chipsi, wakakumbwa na msako. Kitambulisho alikiacha nyumbani. Akatiwa korokoroni bila kuambiwa kosa lake. Saa nane za usiku simu yangu ikalia: "Mzee, tuma kitu kidogo, kijana atoke." Nikampigia shemeji yangu, akatuma kwa M-Pesa. Kijana akatoka, nami nikalala.

Aliporudi aliniuliza, "Baba, nilikosa nini?" Nikamwambia hakukosa kitu. Akasema, "Basi tulilipia nini?" Sikuwa na jibu. Leo ninalo, ingawa nimechelewa.

Tukumbuke tulikotoka. Mizizi ya polisi wetu ni askari wa kulinda mali ya kampuni ya Imperial British East Africa pale Mombasa, na baadaye serikali ya mkoloni. Kazi yao ilikuwa kumlinda mtawala dhidi ya mwananchi. Mwaka 1963 bendera ilibadilika, lakini mazoea hayakubadilika siku ile. Baada ya uchaguzi wa 2007 Wakenya 1,133 walikufa, na tume ya Jaji Philip Waki ilikuta kwamba 405 kati yao waliuawa kwa risasi. Nani angewachunguza polisi? Polisi wenyewe. Na kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani.

Ndiyo maana Katiba ya 2010 ikaja na maneno mapya, na mwaka 2011 Bunge likapitisha sheria ya kuunda Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, ile tunayoiita IPOA. Bodi yake ni ya raia. Ina uwezo wa kuchunguza kifo au jeraha baya lililosababishwa na polisi, kuingia kituoni na kukagua korokoro, kudai kumbukumbu na kumwita afisa ajieleze. Polisi wenyewe wanalazimika kuiarifu mtu akifia mikononi mwao. Haiwezi kumfunga afisa wala kumfukuza kazi. Ikimaliza uchunguzi, hupeleka faili kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na korti ndiyo huamua.

Mtaniuliza, je, inafanya kazi? Nawapa mfano wa pwani yetu. Agosti 2014, huko Kinango, Kwale, polisi walivamia nyumba usiku wakimtafuta mtu mwingine, wakampiga risasi binti wa miaka 14. Jina lake naliacha kwa heshima ya wazazi wake. Polisi walisema aliwashambulia kwa panga. Enzi zile za zamani habari ingeishia hapo. Safari hii IPOA ilichunguza, na Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwahukumu maafisa wawili kifungo cha miaka saba kila mmoja. Ilikuwa mara ya kwanza kwa uchunguzi wa IPOA kufikia hukumu kama hiyo.

Sidai kwamba mambo yote yamenyooka. Faili hukaa miaka, mashahidi huogopa, na malalamiko ni mengi kuliko wachunguzi. Lakini jicho hili la raia halioni lisichoonyeshwa. Usiku ule mimi nililifumba kwa mkono wangu. Nilimtoa mwanangu, nikamwachia afisa yule mtoto wa mwenzangu asiye na jamaa Muscat wa kumtumia pesa.

Kwa hiyo, vijana, mkienda nyumbani shikeni haya. Kifungu cha 49 cha Katiba kinasema ukikamatwa uambiwe sababu mara moja, kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili au jamaa. Ufikishwe kortini mapema, kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa saa hizo zikiishia siku ambayo korti haiketi. Semeni kwa adabu, msibishane na mwenye bunduki. Angalieni nambari ya afisa, jina la kituo na saa. Ombeni muandikwe katika kitabu cha matukio, ile OB.

Nasi wazazi, tuache kuwafundisha watoto kwamba pesa ndiyo wakili wao. Najua simu ya usiku inavyoukata moyo. Lakini asubuhi ikifika, tuandike. Malalamiko hupokelewa kwa barua, kwa simu au kwa barua pepe, na kukaa ughaibuni si kizuizi. Askari mwema, nao wapo wengi, hana la kuogopa katika barua ile.

Mimi na mwanangu tumeiandika yetu mwezi uliopita. Yeye ndiye aliyekumbuka nambari ya afisa. Jibu bado hatujapata, lakini sasa faili lipo, na akiniuliza tena tulilipia nini, nitamwambia tumedai tuambiwe.

Jamhuri njema, na karibuni pilau.