Mtunza Hesabu wa Pennsylvania



Injili ya Dominika hii inatuletea yule wakili aliyeitwa na tajiri wake atoe hesabu. Tumezoea kumhukumu upesi. Basi tumtazame wakili mwingine, mtu aliyeishi kweli, huko Philadelphia nchini Marekani.

John Nicholson, mzaliwa wa Wales, alikuwa karani wa hazina wakati wa vita vya uhuru. Mwaka 1782 jimbo la Pennsylvania likamfanya mdhibiti mkuu wa hesabu zake. Kazi ilikuwa nzito. Askari walikuwa wamepewa hati badala ya fedha, na wengi wao, kwa kubanwa na shida, waliziuza kwa bei ya kutupa kwa watu wenye uwezo wa kungoja. Madai ya namna hiyo yalipita mikononi mwa Nicholson. Naye alikuwa na hati zake binafsi. Mwaka 1793 alishtakiwa mbele ya Seneti ya jimbo kwamba amejinufaisha kwa hati hizo. Mwaka 1794 Seneti ilimwachia huru, naye akajiuzulu.

Tungetazamia ashukuru na kupumzika. Sivyo. Pamoja na Robert Morris, aliyewahi kusimamia fedha za taifa zima, alinunua ardhi bila kikomo. Kampuni waliyoianzisha mwaka 1795 na mwenzao James Greenleaf ilihesabu ekari milioni 6. Fedha taslimu hawakuwa nazo. Waliandikiana hati za ahadi, huyu akimdhamini yule na yule akimdhamini huyu, mpaka hapakuwa na aliyezitaka.

Aliyekagua vitabu vya jimbo kwa miaka 12 hakuweza kulifunga daftari lake mwenyewe! Nasi tusimcheke. Sadaka ya jumuiya ikilala nyumbani kwetu juma moja, tukachota kidogo kwa ajili ya unga, hatusemi kwamba tumeiba. Twasema tumeazima, na Jumamosi tutarudisha.

Nicholson alifia katika gereza la wadaiwa, Desemba 1800, akimwacha mjane na watoto. Morris, aliyefungwa mwaka 1798, alitoka mwaka 1801. Lakini madai ya jimbo juu ya ardhi za Nicholson yaliendelea kwa miongo kadhaa, hata wakulima waliokwisha kukaa humo wakasumbuliwa na deni la mtu wasiyemjua.

Katika Misa hii tumwombee marehemu huyo, na wale wote wanaoshika fedha za wenzao.