Namba Zilizo Ndani ya Simu Yako Ni Amana

Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya maendeleo na jumuiya ndogo ndogo, Kamukuywa





Tuliombwa tuzungumze juu ya habari za kompyuta na programu zake. Wengine walicheka walipoiona mada hii katika ratiba. Walisema kompyuta ni mambo ya Nairobi, na sisi hapa ni watu wa mahindi, miwa na maziwa. Haya, hebu kila mmoja aguse mfuko wake. Hiyo simu uliyo nayo ni kompyuta. Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007, mama anayeuza sukuma wiki pale kando ya barabara ya Kitale amekuwa akitumia programu ya kompyuta kila siku, hata kama simu yake ni ile ya mulika mwizi. Kwa hivyo habari za programu ni habari zetu pia.

Sisi hatukusomea kompyuta, tulisomea kazi ya jamii. Hatuwezi kueleza yote. Tumechagua jambo moja tu ambalo tumeliona kwa macho yetu katika vikundi, na tutalifuata kwa ile njia yetu ya siku zote: kuona, kuamua, kutenda.

KUONA

Kuna mama mmoja katika kikundi tunachokitembelea. Ametupa ruhusa tusimulie yaliyompata, bila kutaja jina lake wala kikundi chake. Tafadhali msianze kukisia.

Shule zilikuwa zinafunguliwa. Mtoto hakuwa na sare wala viatu, na zamu ya mama huyu katika merigoraundi ilikuwa bado. Kijana wake akamwonyesha programu ya mikopo katika simu ya kupangusa. Dakika tano hazikwisha, mkopo wa Sh. 4,000 ukakubaliwa. Alizopokea mkononi zilikuwa Sh. 3,400, kwa sababu Sh. 600 zilikatwa hapo hapo. Akatakiwa kurudisha Sh. 4,000 baada ya siku 30.

Mwezi ule ng'ombe wake akaugua, fedha za maziwa zikaenda kwa daktari wa mifugo. Siku 30 zikapita. Ndipo simu zikaanza. Hazikumlilia yeye peke yake. Alipigiwa mwenyekiti wa kikundi, akapigiwa katekista, akapigiwa mwalimu wa mtoto, akapigiwa shemeji yake aliye Kitale, na hata yule bwana anayenunua maziwa yake. Wote waliambiwa neno moja: mwambieni huyo mwizi alipe.

Jumapili hiyo hakuja kanisani. Jumapili ya pili pia hakuja. Mwenyekiti alikasirika sana, akidhani mama ameandika jina lake kuwa mdhamini bila kumwuliza. Kikundi kilikaa kikao cha kumnyima zamu yake. Tulipomtembelea nyumbani, alituapia kwamba hakuandika jina la mtu hata mmoja. Alisema kweli. Hakuandika yeye, iliandika simu.

Ilifanyaje? Programu mpya ikiingia katika simu huuliza maswali. Niruhusu nione orodha ya namba zako? Niruhusu nisome ujumbe wako? Niruhusu nione picha? Niruhusu nijue mahali ulipo? Chini yake kuna mahali pa kubonyeza: kuruhusu au kukataa. Mama alikuwa na haraka ya viatu vya mtoto, tena maswali yenyewe yalikuwa kwa Kiingereza. Akaruhusu mara nne. Papo hapo majina yote yaliyokuwa katika simu yalinakiliwa yakaenda kwenye kompyuta ya kampuni, mbali na hapa. Baadaye alifuta programu ile, akidhani amefunga mlango. Lakini nakala ilikuwa imekwisha toka nyumbani.

Tuwe wa haki: si kila kitu kinachoulizwa kina nia mbaya. Kampuni hizi zilipoanza kuja Kenya, miaka ya 2014 na 2015, zilikuta watu wengi wasio na hati ya shamba wala karatasi ya mshahara. Zikaona kwamba ujumbe wa M-Pesa unaweza kuonyesha kama mtu ana mapato. Kwa njia hiyo wengi waliokataliwa na benki walipata mkopo. Lakini orodha ya majina ilikuja kutumiwa na baadhi yao kama fimbo. Dhamana ya mkopo ikawa ni aibu ya mkopaji.

Tupige pia hesabu. Ukipewa Sh. 3,400 na kurudisha Sh. 4,000, umelipa zaidi ya shilingi 17 kwa kila mia, kwa mwezi mmoja. Ukirudia hivyo kila mwezi, mwaka ukiisha umetoa Sh. 7,200 za riba peke yake, nazo zimekwenda zao. Kikundi kikikukopesha hizo 4,000 na kutoza shilingi 10 kwa mia, unatoa Sh. 400 kwa mwezi, na hizo zinabaki katika sanduku ambalo na wewe una fungu ndani yake.

KUAMUA

Tuliposikia habari hii kwanza, tulisema: mama alikosa, aliruhusu mwenyewe. Tukafikiri tena. Simu ilikuwa yake, ndiyo. Lakini je, namba ya katekista ni ya nani? Ya mwalimu ni ya nani? Hao walimpa namba ili awaite wakati wa mgonjwa, mazishi au mkutano. Walimpa amana. Katika simu moja unaweza kukuta watu mia mbili, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa kama anataka jina lake liende kwa mkopeshaji. Ruhusa ya mtu mmoja ilichukuliwa kuwa ruhusa ya kijiji.

Kanisa halikunyamaza juu ya mambo haya. Papa Leo XIV alipochaguliwa mwezi wa Mei 2025, aliwaeleza Makardinali kwa nini alichagua jina hilo. Alimkumbuka Papa Leo XIII, ambaye mwaka 1891 aliandika barua ya Rerum Novarum kutetea wafanyakazi wakati viwanda vilipogeuza maisha ya watu. Papa wetu alisema kwamba leo kuna mageuzi mengine, ya kompyuta zinazofanya kazi ya akili, nayo yanagusa heshima ya binadamu, haki na kazi. Basi mama yule ambaye kompyuta ilipima kama anafaa kukopeshwa, kisha ikatoa majina ya jirani zake, yumo katika jambo hilo hilo.

Sheria ya nchi nayo imesogea. Sheria ya Ulinzi wa Data ilipitishwa mwaka 2019. Data ni habari za mtu: jina, namba, picha, ugonjwa, alama za vidole. Sheria inasema una haki ya kujua habari zako zinatumiwa kwa kazi gani, na haki ya kupinga. Mwaka 2020 Benki Kuu iliwazuia wakopeshaji wa simu wasio chini ya usimamizi wake wasipeleke majina ya watu CRB. Kanuni za mwaka 2022 zikawataka wapate leseni ya Benki Kuu, zikawakataza kutisha, kutukana, na kupigia simu watu walio katika orodha ya mkopaji ili kumwaibisha. Mwezi wa Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya Sh. 2,975,000 kwa sababu ya simu na ujumbe wa vitisho kwa watu ambao namba zao zilipatikana kwa wengine. Kampuni ya Google nayo, kuanzia mwisho wa Mei 2023, ilikataza programu za mikopo zilizo katika duka lake kusoma orodha ya namba na picha.

Mnakumbuka pia Worldcoin, mwaka 2023, watu walipopanga foleni Nairobi kupigwa picha ya mboni ya jicho ili wapate fedha za kama Sh. 7,000? Serikali ilisimamisha kazi ile mwezi wa Agosti mwaka huo. Tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru habari zile za macho zifutwe. Jambo moja lililoangaliwa ni hili: ruhusa ya mtu aliyevutwa kwa fedha ni ruhusa gani? Nasi tunawauliza hivyo hivyo juu ya mama aliyebonyeza kwa sababu mtoto hana viatu.

Sasa tujipige kifua, maana na sisi tumekosa. Mwaka mmoja tulikuwa na orodha ya watoto waliosaidiwa karo. Ilikuwa na jina la mtoto, shule yake, mzazi aliyefariki na alikufa kwa nini. Tuliipiga picha tukaituma katika kikundi cha WhatsApp, ili viongozi waone kwamba fedha zimetumika sawasawa. Kufika jioni ilikuwa imezunguka soko. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliulizwa na wenzake juu ya ugonjwa wa babake. Alikaa nyumbani wiki nzima. Tulikwenda kwao kuomba radhi, na nyanyake akatukaribisha chai, lakini yule mtoto hakutoka chumbani.

Hatukuwa na nia mbaya. Lakini tulifanya kama ile kampuni: tulitoa habari za watu waliotuamini. Siku ile ile ya Septemba 2023 kuna shule iliyotozwa Sh. 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Tuliposoma habari hiyo hatukuwa na la kusema.

KUTENDA

Tunapendekeza haya kwa kila kikundi.

1. Kabla ya kukopa kwa simu, ulizia kwanza kikundini. Wekeni mfuko mdogo wa dharura, hata wa Sh. 50 kwa wiki, wa mambo ya shule na hospitali yasiyongoja zamu.

2. Ukilazimika kukopa kwa simu, hakikisha kampuni ina leseni. Benki Kuu imechapisha orodha. Mwombe kijana aliye saiba akutafutie.

3. Usiingize programu iliyotumwa kwa WhatsApp au kwa ujumbe wa "bonyeza hapa". Hizo hazipiti katika duka la simu, kwa hivyo zinaweza kukwepa lile katazo la Google.

4. Soma kila swali kabla ya kuruhusu. Kama hujui Kiingereza, simu nyingi zinaweza kubadilishwa ziseme Kiswahili. Mkopo hauhitaji picha za harusi yako wala namba ya katekista. Kataa. Programu ikigoma kwa sababu umekataa, hiyo yenyewe ni habari.

5. Ulizopewa ruhusa zamani unaweza kuziondoa. Ingia katika mipangilio ya simu, tafuta programu, kisha ruhusa. Vijana wetu mnajua kazi hii. Jumapili hii baada ya Misa, kila kijana akae na wazee wawili awasaidie.

6. Ukitishwa, usifute ujumbe. Andika tarehe na namba iliyopiga, kisha peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Data. Hata wewe uliyepigiwa simu ya deni la jirani unaweza kulalamika, kwa maana namba ni yako.

7. Deni ni deni. Haki hii si kichaka cha kujifichia. Aliyekopa alipe, na mkopeshaji adai kwa heshima.

8. Viongozi: daftari la kikundi likae kwa katibu. Lisipigwe picha, lisitumwe ovyo. Mkitaka kuonyesha hesabu, onyesheni hesabu bila majina ya wagonjwa na mayatima.

Mtatuuliza, yule mama ikawaje? Mwenyekiti alipoelewa kwamba hakuandikwa na mtu, ndiye aliyesimama kwanza kikaoni. Kikundi kilimkopesha, akamaliza lile deni, na sasa amebakiza kidogo kukilipa kikundi. Amerudi kanisani, anaketi mahali pake. Lakini anasema simu ikilia na namba asiyoijua, mpaka leo anaiacha ilie. Majirani wakikusikia simu yako hailiwi jibu, msimwite mtu mdeni. Pigeni hodi.



Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Katika simu yako kuna namba za watu wangapi? Walikupa kwa ajili ya nini?
2. Je, katika kikundi chetu kuna mtu aliyeacha kuja kwa sababu ya aibu ya deni? Nani atakwenda kumwona?
3. Daftari letu liko wapi, na nani amelipiga picha?
4. Mfuko wa dharura tutauanza lini, na kwa shilingi ngapi?