Bakuli la Chai na Sanduku Lake

Msikilizaji mpenzi, mtu akikuambia kwamba kuna bakuli la udongo, lililopinda ukingo na kupasuka ubavuni, ambalo limetunzwa kwa zaidi ya miaka 400 ndani ya mfuko wa hariri, na mfuko huo ukatiwa katika sanduku la mbao, na sanduku hilo likatiwa katika sanduku jingine, pengine utadhani anakutania. Hata hivyo, ndivyo Wajapani wanavyovitunza vyombo vyao vya kale vya chai, na hapa London wapo watu waliotumia nusu ya umri wao, na fedha nyingi, kuvitafuta. Mazungumzo yangu ya leo yanahusu vyombo hivyo na wale wanaovikusanya. Yanahusu pia swali moja linalowagusa watu wa mwambao wa Afrika Mashariki, ambalo nitalifikia baada ya kitambo.

Kwanza chai yenyewe. Hii si chai yetu ya maziwa na iliki. Ni majani yaliyotiwa mvuke, yakakaushwa, kisha yakasagwa mpaka yakawa unga laini wa kijani. Unga huo hutiwa katika bakuli, humiminiwa maji ya moto, na hukorogwa kwa kifagio kidogo cha mwanzi hadi utoe povu. Mwenyeji humwandalia mgeni wake katika chumba kidogo kisicho na mapambo mengi. Mgeni hulipokea bakuli, hulizungusha kidogo mkononi, hunywa, kisha huinama na kulitazama. Kutazama huko ni sehemu ya adabu. Huuliza pia habari za vyombo: vilitoka wapi, nani aliyevitengeneza, vina jina gani. Naam, jina, kwa maana vyombo vilivyo bora hupewa majina kama watu.

Katika karne ya 15 wakubwa wa Japani walivipenda zaidi vyombo vya China, laini na visivyo na kasoro. Aliyekuja kuzidisha mapenzi ya vyombo vya kawaida ni Sen no Rikyu, mzaliwa wa mji wa biashara wa Sakai, aliyeishi kuanzia mwaka 1522 hadi 1591. Yeye na mfinyanzi Chojiro wa Kyoto ndio wanaohusishwa na mabakuli yaitwayo Raku, meusi na mekundu, yanayofinyangwa kwa mikono bila gurudumu. Udongo wake huchomwa kwa moto usio mkali sana, hivyo bakuli huwa jepesi na halimuunguzi anayelishika. Ukoo wa wafinyanzi hao ungali Kyoto hadi leo, nao umefika kizazi cha 16. Rikyu mwenyewe hakumaliza umri wake kwa amani: mtawala aliyemtumikia, Toyotomi Hideyoshi, alimwamuru ajiue, na wanahistoria wangali wanabishana juu ya sababu.

Mtawala huyo huyo ndiye aliyeivamia Korea kati ya mwaka 1592 na 1598. Majeshi yake yaliporudi yalileta wafinyanzi wa Kikorea, wengi wao wakiwa mateka, nao ndio walioanzisha matanuri ya Hagi na Satsuma. Wakusanyaji hupenda kusimulia jinsi bakuli la Hagi linavyobadilika rangi kadiri chai inavyopenya katika vijitundu vyake mwaka hadi mwaka. Habari za mateka husimuliwa kwa nadra zaidi, nami naona si haki kuzisimulia zile bila hizi.

Vyombo hivyo vilifikaje London? Mwaka 1862 yalifanyika Maonyesho ya Kimataifa katika eneo la South Kensington, na huko Waingereza wengi waliona kwa mara ya kwanza sanaa za Japani zilizokusanywa na balozi wao, Rutherford Alcock. Kilichowavutia zaidi kilikuwa kile kinachong'aa: kauri za rangi nyingi na dhahabu. Bakuli la chai lenye rangi ya tope lilionekana kwao kama kazi ya mwanagenzi. Mmoja wa waliotazama kwa jicho jingine ni Augustus Wollaston Franks, mtunzaji katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, British Museum. Alinunua vyombo vya chai wakati ambapo Waingereza wachache mno walivijali, na leo vyombo vyake vimo katika jumba hilo. Nalo jumba la South Kensington, ambalo siku hizi huitwa Victoria and Albert, liliiomba serikali ya Japani ilikusanyie vyombo vya udongo vya kila namna na kila zama. Vilionyeshwa kwanza Philadelphia, Marekani, mwaka 1876, kisha vikaletwa London. Wataalamu wamekwisha kuurekebisha umri wa baadhi ya vyombo hivyo, kwani hata serikali haikuwa na jicho la mwenye kunywea.

Mkusanyaji wa leo huanzia wapi? Huenda akaingia katika maduka ya vitu vya kale ya Kensington Church Street, au akahudhuria minada ya Bonhams, Christie's na Sotheby's. Fundi wa kweli haanzi kwa kulitazama bakuli usoni. Huligeuza akatazama kitako chake, mahali ambapo mara nyingi udongo umeachwa wazi bila rangi ya kung'aa, maana hapo ndipo mkono wa mfinyanzi na aina ya udongo huonekana. Kisha huuliza: sanduku liko wapi?

Hapo ndipo penye siri ya biashara hii. Sanduku la mbao nyepesi za mti uitwao kiri, lililofungwa kwa utepe, huwa limeandikwa kwa wino jina la bakuli, na pengine jina la mfinyanzi na la bingwa wa chai aliyethibitisha kwamba ndilo lenyewe. Mwenye kulirithi huweza kuongeza sanduku la pili, na barua, na kumbukumbu za siku lilipotumiwa. Katika jumba la Freer huko Washington umo mtungi uitwao Chigusa, ulionunuliwa mwaka 2009. Ulitengenezwa kusini mwa China kwa ajili ya kuchukulia bidhaa tu, lakini Japani uligeuka kuwa chombo cha kuhifadhia majani ya chai, na wanywaji wa karne ya 16 waliueleza katika shajara zao, doa kwa doa. Wageni wa zamani waliotupa masanduku ili kupunguza mzigo walitupa nusu ya thamani ya walichonunua. Walaghai nao wanalijua hilo, ndiyo maana yapo masanduku ya kale yaliyotiwa mabakuli mapya.

Hata kuvunjika hakufuti historia. Ufa huunganishwa kwa utomvu wa mti uitwao urushi na kunyunyiziwa unga wa dhahabu, ili jeraha lionekane. Katika Jumba la Taifa la Makumbusho la Tokyo limo bakuli la kijani la Longquan, China, lililokuwa la mtawala Ashikaga Yoshimasa. Inasimuliwa kwamba lilipopata ufa alilirudisha China akiomba jingine kama hilo. Halikupatikana lililolingana nalo, basi likarudishwa likiwa limebanwa kwa vikwaru vya chuma. Vikwaru hivyo vinafanana na nzige, na ndivyo vilivyolipa jina lake, Bakohan, na kulizidishia sifa.

Msikilizaji, nimekutajia Longquan kwa makusudi. Kauri za kijani kutoka matanuri hayo hayo zilivuka bahari kuelekea upande wetu pia. Zimefukuliwa Kilwa Kisiwani na Gedi, pamoja na vipande vya mitungi mikubwa ambayo mabaharia waliiita martabani. Wazee wetu, kama Wajapani, walichukua chombo cha mgeni wakakipa kazi mpya. Katika nyumba za mawe za Lamu na Pate walikipanga katika zidaka. Huko Gedi waliyapachika mabakuli katika kibla ya msikiti. Huko Mambrui na Kunduchi waliyapachika katika nguzo za makaburi, yakawa heshima ya marehemu. Hakuna aliyeyaandikia sanduku. Ukuta wenyewe ndio uliokuwa sanduku.

Nenda leo Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, utazame nguzo hizo. Pale palipokuwa na bakuli, mara nyingi utakuta duara tupu katika chokaa. Mengine yalianguka yakavunjika, lakini mengine yaling'olewa na watu. Wapo pia watu wa mwambao waliouza vyombo vya nyumbani mwao kwa hiari yao, kwa sababu ya shida au kwa kuchoka navyo, na hao hawana lawama. Lakini bakuli la kaburini halikuwa la kuuzwa na yeyote.

Uingereza ilitunga sheria mwaka 2003, iliyoanza kutumika tarehe 30 Desemba mwaka huo, inayomtia hatiani mtu anayefanya biashara ya kitu cha kale hali akijua kwamba kiliondolewa kinyume cha sheria katika jengo, mnara au eneo la mabaki ya kale. Adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 7. Sheria hiyo inahusu hata vitu vilivyotolewa nchi za nje, ila haivigusi vilivyoondolewa kabla ya tarehe hiyo. Bakuli lililong'olewa mwaka 1950 liko nje ya mkono wake. Nalo likifika dukani, nani atajua limetoka Kunduchi? Chokaa imekwisha kusafishwa, na kadi husema tu: China, enzi ya Ming. Mkusanyaji yule yule ambaye asingenunua bakuli la Raku pasipo kuona sanduku, hulipia hili bila kuuliza neno. Kwa maoni yangu, swali lake la kawaida lingetosha kabisa, laiti angeliuliza katika duka la pili kama alivyoliuliza katika lile la kwanza.

British Museum ina vigae vilivyookotwa Kilwa Kisiwani: vipande vya kijani vya China, vya nchi za Kiislamu, na vya vyungu vyetu wenyewe. Mwaka 2010 viliteuliwa kuwa miongoni mwa vitu 100 vya kusimulia historia ya dunia katika mfululizo wa vipindi vya redio. Hakuna kipande hata kimoja kinachoweza kushika maji, lakini kila kimoja kinajulikana kilipookotwa. Kwa wale mlioko London, vyumba vya Japani katika jumba hilo viko ghorofa ya juu kabisa, upande wa kaskazini, na hakuna kiingilio.