Hotuba juu ya Kuwasemea Wengine Ugenini



Nimeombwa niseme juu ya kazi ya uhusiano mwema. Mwenye kazi hii husimama baina ya shirika na watu wote: huwaeleza watu habari za shirika, na hulirudishia shirika maneno ya watu. Hili la pili husahauliwa mara nyingi, hasa mtu afanyapo kazi katika nchi isiyo yake.

Mwaka 2016 kampuni ya London iitwayo Bell Pottinger, iliyokuwa na sifa kubwa wakati ule, iliajiriwa na Oakbay, kampuni ya jamaa ya akina Gupta huko Afrika ya Kusini. Jamaa hiyo ilikuwa ikilaumiwa kwa ukaribu wake na Rais Jacob Zuma. Ujira ulikuwa pauni 100,000 kwa mwezi. Ndipo yakaenezwa maneno kwamba utajiri wa nchi umeshikwa na Wazungu wachache. Maneno hayo hayakuzaliwa London; yalikuwako zamani, na umaskini wa watu wengi weusi ni jambo la kweli kabisa. Kosa lilikuwa kulichukua jeraha la kweli na kulifanya ngao ya tajiri mwenye kulipa, tena katika nchi ambayo ubaguzi wa rangi ulikuwa sheria mpaka mwanzo wa miaka ya 1990.

Julai 2017 mkuu wa kampuni aliomba radhi, akakiri kwamba maneno mengine yaliyoenezwa yalikuwa ya kuudhi. Lakini chama cha siasa cha Democratic Alliance kilikuwa kimekwisha kupeleka mashtaka Uingereza, mbele ya chama cha wenye kazi hii. Septemba 2017 kampuni ilifukuzwa uanachama kwa muda usiopungua miaka mitano.

Angalieni, Mabwana, chama kile hakikuwa na uwezo wa kufunga hata mlango mmoja. Wateja ndio waliokimbia, na mwezi ule ule kampuni ikawekwa mikononi mwa wasimamizi wa mufilisi. Tena, walioumizwa walilazimika kuvuka bahari ili wasikilizwe. Kwangu mimi hiyo ni kasoro kubwa.

Kwa hiyo vijana mtakaopewa kazi kama hii ugenini, kabla ya kutia sahihi jiulizeni: je, naweza kusimama barazani mbele ya wenyeji, nikamtaja anayenilipa na sababu yake?

Sasa niko tayari kwa maswali.