TUANDIKE MVUA YETU
(Maneno ya Katibu wa Tawi katika mkutano wa wanachama wa ushirika, yamenakiliwa hapa kwa ajili ya waliokuwa mashambani)



Hatutasema mengi, maana kazi inatungoja. Asiyejua kusoma asomewe na mwanawe hapa ukutani.

Ndugu zangu, wote tunajua kilichotupata masika yaliyopita. Mwanzoni mwa Machi ilinyesha siku tatu mfululizo. Tukasema, haya, masika yameingia! Tukachukua mbegu ghalani tukapanda. Halafu jua likawaka wiki tatu. Mahindi yaliyoota yakanyauka, na wengi wetu tukapanda mara ya pili kwa mbegu ya kukopa. Deni hilo bado limo katika vitabu vya ushirika, na jina letu Katibu wenu limo pia.

Tulipokaa kikao kutafuta kosa, tulibishana mpaka giza likaingia. Huyu anasema mvua ya namna ile haijawahi kuwa ya kupandia. Yule anasema baba yake alipanda nayo na akavuna. Jamani, katika watu wote wale hakuna hata mmoja aliyekuwa na karatasi. Ukame wa 1984 tunaukumbuka kwa njaa. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 tunazikumbuka kwa barabara zilizokatika. Lakini ukiuliza mvua ilianza tarehe ngapi, ikakatika tarehe ngapi, sote kimya.

Usiku ule tulirudi nyumbani tukimkumbuka marehemu mama yetu.

Mama hakujua kusoma. Kila alfajiri alifungua mlango, akatoka na kanga begani, akasimama kuutazama mlima Meru. Sisi watoto tumekaa jikoni tunaota moto, tunangoja. Akirudi ndani anasema neno moja tu: "Anikeni," au "Msianike." Basi kahawa ilianikwa au haikuanikwa kwa neno hilo. Mara chache sana alikosea.

Wingu likikaa kileleni peke yake kama kofia, hakulijali. Likishuka mpaka msituni na upepo ukageuka, hapo alisema majembe yatolewe. Alingoja kumbikumbi watoke. Hata walipotoka, alichimba kwanza aone unyevu umefika wapi. Chini ya kiganja kimoja akikuta udongo mkavu, hapandi, hata kama majirani wote wamekwisha panda.

Miaka ile tunaikumbuka kwa vitu vidogo. Januari na Februari ni vumbi, na akina mama wanarudi kutoka soko la Tengeru miguu myeupe. Masika yakiingia, usiku tunalala tukisikia maji mferejini. Juni na Julai kipupwe: ukungu unashuka mpaka migombani, siku tatu nne mlima hauonekani, nasi tunakula loshoro karibu na mafiga. Kahawa ikiiva, jioni tunazungusha mashine ya kumenyea kwa zamu, vidole vinanata. Halafu vuli inanyesha, mibuni inachanua meupe, harufu yake inaingia mpaka ndani ya nyumba.

Hayo yote yamo vichwani mwetu tu. Kila tunapomzika mzee, tunazika na daftari lake.

Sisi tuliachishwa shule mapema tukachunge ng'ombe. Tuliingia darasa la kisomo cha watu wazima tukiwa tayari tuna watoto. Tulikaa jioni mbele ya taa ya chemli, vidole vimekauka kwa jembe, kalamu inateleza. Siku moja mwalimu akasema kila mmoja aandike sentensi yake mwenyewe. Tuliandika: Leo mvua imenyesha. Tukaja mbio nyumbani kumsomea mama. Akasikiliza, akauliza, "Umeandika ni tarehe ngapi?" Hatukuandika. Akacheka, akasema, "Basi, mwanangu, kesho hutajua ni leo ipi."

Tulicheka naye. Leo hatucheki tena, maana deni la mbegu limetufundisha.

Wazee wetu wa Meru walijua faida ya kuandika. Watu walipofukuzwa Engare Nanyuki mwaka 1951, mzee Japhet Kirilo alikwenda mpaka Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952, kulisema jambo hilo. Halafu yeye na mwanasheria Earle Seaton wakaliandika kitabu, kikatoka mwaka 1967. Ndiyo maana hata aliyezaliwa juzi anaweza kulisoma. Wahenga nao walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ushirika wetu huandika kila kilo ya kahawa inayoingia ghalani. Mvua inayoileta kahawa hiyo hatuiandiki. Je, hiyo ni akili?

Kwa hiyo, ndugu wanachama, tunaomba mambo matatu.

Kwanza, tuweke kopo la kupimia mvua hapa ghalani. Liwe limenyooka, juu na chini upana sawa, na likae mahali pa wazi, mbali na miti na paa. Kila siku saa 3 asubuhi kijana wa zamu apime maji kwa rula, aandike, ayamwage. Maji yakisimama milimita 1, maana yake kila mita moja ya mraba imepata lita 1. Milimita 10 kwa ekari moja ni zaidi ya lita 40,000, yaani ndoo kubwa zaidi ya 2,000. Hapo tutajua kama mvua imeshiba au imetulaghai.

Pili, tusikilize redio. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kabla ya masika na kabla ya vuli. Lakini utabiri huo ni wa eneo kubwa, na mlima wetu una mambo yake. Upande huu wa kusini unapata mvua, na kule Ngarenanyuki, nyuma ya mlima, ni kukavu. Redio ituambie ya mkoa, kopo lituambie ya kijiji.

Tatu, kila kijana anayejua kuandika aende kwa mzee mmoja na daftari. Amwulize alipandaje, alitazama nini mlimani, mwaka wa njaa alikula nini. Asimkatize mzee. Na asisahau tarehe.

Hatusemi daftari litaleta mvua. Mvua ni ya Mungu. Tunasema tusidanganyike tena na siku tatu za Machi.

Ukurasa wa kwanza tumekwisha uandika leo asubuhi, na tarehe yake ipo. Tumeandika: Kopo kavu. Mlima una kofia tu.

Haya, tukafungue ghala.