Kulegea kwa Shingo ya Baiskeli Baada ya Matengenezo ya Nyumbani



Hitilafu nitakayoieleza ni ndogo kwa umbo lakini kubwa kwa madhara yake, na kila mwenye baiskeli katika Musoma, Bunda na Butiama ama imekwisha kumpata au itampata. Mtu hukaa uani kwake siku ya mapumziko, akafungua usukani na foki, akafuta uchafu wa miezi mingi, akatia grisi mpya, akarudisha kila kitu mahali alipodhani ndipo pake. Na siku ya pili, akiwa amepakia ndoo ya dagaa kutoka Mwigobero na kabla hajafika Bweri, husikia shingo ya baiskeli ikigonga mikononi mwake kila apitapo shimo. Hapo hukimbilia spana na kukaza kwa nguvu zake zote. Hoja yangu ni kwamba kukaza kabla ya kutambua ni kuongeza taksiri juu ya taksiri, kwa kuwa shingo iliyokuwa thabiti Jumamosi haikuchakaa kwa usiku mmoja, bali imefungwa kwa mpango usiokuwa wake.

Mnajua, lakini si vibaya kukumbushana, kwamba katika baiskeli zetu za kawaida, ziwe Phoenix za Shanghai, Avon na Hero za Bara Hindi, au Raleigh na Swala walizotuachia wazee, mrija wa foki hupita ndani ya shingo ya fremu, ukashikwa juu na chini kwa safu mbili za gololi zinazozunguka baina ya bakuli na koni za chuma. Ile sehemu ya juu yenye thredi ndiyo inayopimia kukaza na kulegea. Juu yake hukaa washa yenye ulimi unaoingia katika mfereji wa mrija, kisha kishikio cha taa, na mwisho nati ya kufungia. Shina la usukani, ambalo hushikwa ndani ya mrija kwa skrubu ndefu na kabari, halina amri yoyote juu ya gololi. Kwa hiyo anayekaza skrubu ile akitumaini kuondoa kugonga kwa shingo anajichosha bure.

Kabla ya kushika spana, yapaswa kupata ithibati kwamba kinachocheza ni shingo yenyewe. Kanuni iliyozoeleka ni kushika breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele na nyuma, huku vidole vya mkono wa pili vimezunguka mahali foki inapokutana na fremu. Kanuni hii ni njema kwa breki za waya, lakini kwa breki zetu za vyuma inadanganya, kwani vyuma vile vina mchezo wake vyenyewe katika viungio vyake, na kugonga kwake hufika mkononi kukifanana kabisa na kule kwa shingo. Afadhali kuliegemeza gurudumu la mbele ukutani au kwenye jiwe, na mawe hatuna uhaba nayo katika mji wetu wa Musoma, kisha kuisukuma baiskeli kwa usukani. Kama vidole vinahisi bakuli na koni vikiachana, shaka imekwisha. Kama ringi ndiyo inayoyumba ubavuni ndani ya foki, basi kosa liko katika ekseli ya gurudumu. Na kama usukani unageuka ilhali gurudumu limesimama, kosa ni la kabari.

Sasa niingie katika sababu ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyo ya kawaida kuliko zote katika wilaya zetu, nayo ni kile kishikio cha taa. Watu wengi hawatumii tena dinamo wala taa ya mbele, na kishikio kikivunjika au kikianza kupiga kelele hutupwa, bila ya mwenye kukitupa kukumbuka kwamba unene wake ulihesabiwa kiwandani. Kishikio kikiondoka na kisiwekewe badala yake, nati ya kufungia hushuka mpaka ukingo wake wa ndani ukafika juu ya mrija na kusimama hapo, haijaigandamiza washa hata kidogo. Mkono wa fundi huhisi nati imekaza, na kweli imekaza, lakini imekaza juu ya mrija. Ile sehemu ya kupimia iliyo chini yake imebaki huru, nayo hujifungua polepole kwa kila mtikisiko wa barabara. Mtu wa namna hii atakaza asubuhi na kukaza jioni, na mwisho ataikata nati au ataharibu thredi. Dawa yake ni washa ya upana ule ule wa tundu na unene wa kile kilichotolewa, ambayo hupatikana kwa bei isiyofika ya soda.

Hata pale vitu vyote vipo, nati mbili hizi zataka spana mbili. Sehemu ya kupimia hukazwa kwa mkono hadi mchezo uishe, kisha ikarudishwa nyuma kidogo sana, kwa sababu nati ya juu ikikazwa huisukuma chini na kuumaliza upenyo uliobaki katika thredi. Halafu moja hushikiliwa isizunguke wakati nyingine inakazwa juu yake. Mwenye spana malaya moja tu hawezi kuifanya kazi hii sawasawa, naye akiwa muungwana ataazima ya jirani. Kipimo cha kazi njema ni kwamba gurudumu likiinuliwa kutoka ardhini, usukani huanguka upande kwa uzito wake wenyewe bila kukwama popote.

Gololi nazo zina mashaka yake. Za shingo ni ndogo kuliko za ekseli ya mbele, na za nyuma ni kubwa zaidi, hivyo zikichanganywa katika sahani moja, ile iliyo kubwa hubeba mzigo peke yake na shingo hukaza upande mmoja na kulegea upande wa pili. Dalili hiyo hiyo huonekana ikizidi gololi moja katika bakuli, kwani huwapanda wenziwe. Basi bakuli lijazwe, kisha itolewe moja. Grisi nzito nayo huficha kosa kwa siku chache, ikakufanya uamini shingo imetulia, mpaka itakapotawanyika.

Zipo shingo ambazo hulegea kwa kuwa bakuli lenyewe halikukaa hadi mwisho katika fremu, au koni ya chini haikufika kwenye bega la foki. Vitu hivyo huingia hadi mwisho vyenyewe njiani na kuacha nafasi, na ndiyo maana hata kazi iliyofanywa vizuri hukaguliwa tena baada ya safari za mwanzo. Aliyekaza kupita kiasi huchimba vishimo katika bakuli la chini, na usukani wake baadaye hukwama katikati kila anapokwenda moja kwa moja. Uovu huo ni mkubwa kuliko ule wa kulegea, maana kwenye mteremko humnyima mtu uwezo wa kujisawazisha.

Baiskeli za mitumba zisizo na nati shingoni zina sheria nyingine: skrubu za ubavuni hulegezwa kwanza, ya juu ikakazwa kiasi, ndipo zile za ubavuni zikafungwa. Kinyume cha hapo hakisaidii kitu.

Kuhusu thredi, nati ya Raleigh ya zamani ina thredi 26 kwa inchi, na nyingi nyingine zina 24, kwa hiyo nati ya kuazima hupanda mizunguko michache kisha ikauma. Na mrija ukishakatika thredi, yale ya kuuzungushia uzi au nailoni nimeyaona yakifanywa, wala siyaungi mkono hata kwa dharura. Foki ibadilishwe.